Pua ya Kubiak

Mkono huinuliwa na refa, pua ndiyo imjuayo mshindi. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, mmeisikia methali hii bwenini mkacheka. Nyamazeni. Mimi ni mzee wa kidato cha nne, na chanzo chake hakichekeshi.

Methali hii ilianza hivi. Huko Poland, katika mji wa Radom, alikuwapo fundi viatu aitwaye Wrzosek. Jina hilo msijaribu kulitamka mkiwa na uji mdomoni. Mchana alishona viatu kiwandani. Jioni alipigana ngumi za ridhaa, zile zisizolipa hata sabuni ya kufulia bukta. Alitaka kitu kimoja tu: kwenda Olimpiki. Baada ya miaka ya kupasuliwa nyusi, akafika fainali ya kuchagua timu ya taifa. Mpinzani wake, Kubiak, alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa klabu iliyoandaa mashindano, na mwenyekiti huyo ndiye aliyewateua majaji. Naona mmeshaanza kununa. Nuneni.

Raundi zote tatu Wrzosek alimtwanga Kubiak kama mtama kinuni. Majaji wakanong'onezana. Refa akawashika mikono wote wawili, akauinua wa Kubiak! Ukumbi mzima ukazomea.

Desturi ya ngumi ni kwamba pambano likiisha, bondia huenda kona ya mpinzani kumsalimu kocha wake. Kubiak akaenda, pua ikimchuruzika damu. Kocha wa Wrzosek, mzee Hudziak, alikuwa na taulo safi aliyomwandalia kijana wake, lakini kijana hakuwa na tone la kufuta. Akamfuta Kubiak.

"Hongera, mshindi. Inama, usinichafulie viatu."

"Nisamehe, mzee," Kubiak akanong'ona. "Mkono wangu umeinuliwa na refa, lakini pua yangu inamjua mshindi."

Wrzosek akamsogelea. "Basi twende ukawaambie majaji, ndugu yangu. Sasa hivi, watu wangali humu."

Kubiak akaitazama meza ya majaji. Mjomba wake alikuwa amesimama pale, akipiga makofi. Kubiak akainamisha kichwa, akashuka ulingoni.

Olimpiki akaenda yeye, akatolewa pambano la kwanza. Wrzosek hakuitwa tena. Alishona viatu mpaka uzeeni, na hakuna jaji aliyewahi kumwomba radhi. Hata mmoja!

Kwa hiyo mkipokonywa haki yenu, na aliyepewa akaja kuwanong'oneza kwamba anajua, msimshukuru. Mkono huinuliwa na refa. Pua ndiyo imjuayo mshindi, nayo hukaa kimya.