Pepo Aliyetajwa na Pisenti

Imepokewa kutoka kwa waumini wa kale wa nchi ya Misri, nao waliisimulia kwa kumcha Mungu, kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto Naili alikuwako mja aliyeitwa Pisenti, na kazi yake kanisani ilikuwa kuwakemea pepo. Niseme mapema kwamba hakuwa tapeli, maana nawajua wasomaji wangu, mtu akisikia habari za watoa pepo anaanza kukunja uso. Pisenti alifunga saumu kuliko wenzake wote. Kwa miaka ishirini waliletwa kwake watu waliokuwa wakilala makaburini na kujikata kwa mawe, wamefungwa kamba, nao wakarudi makwao kwa miguu yao wenyewe. Kila mara alisema kwamba si yeye, ni Bwana wetu Yesu Kristo aliyepewa mamlaka yote. Alisema hivyo na alikuwa akiamini hivyo, ila miaka ishirini ya kusifiwa na watu si mchezo.

Katika kanisa la siku zile mtu hakubatizwa hivi hivi tu. Wakatekumeni, yaani wale waliokuwa wakifundishwa imani, waliandikishwa Kwaresima ilipoanza, na kila asubuhi kwa siku arobaini walifika kanisani. Mmoja mmoja alivua viatu, akasimama juu ya ngozi ya mbuzi iliyotandikwa sakafuni, akainamisha kichwa. Pisenti alimpulizia usoni mara tatu, akamwekea mkono, akamwamuru kila pepo mchafu atoke kwa jina la Yesu. Wengi walisimama kimya mpaka mwisho, wakavaa viatu vyao wakaenda zao. Aliyetetemeka alitiliwa shaka, kwa sababu waumini walishikilia kwamba pepo hawezi kulistahimili Jina lile takatifu.

Mwaka huo alikuwamo mwanamke kijana, jina lake Taesi, mjane wa mfinyanzi, mwenye mtoto wa kike wa miaka miwili aitwaye Irini. Siku ya kwanza Pisenti alipolitaja jina la Yesu juu yake, Taesi alianza kutetemeka magoti. Siku ya pili alianguka. Siku ya tatu alijikunja juu ya ile ngozi, mikono kichwani, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua mbili tatu.

Basi kuanzia siku hiyo Pisenti hakumwondolea macho. Alimchungua akiimba zaburi, akashuku kwamba anaimba kwa sauti ndogo mno. Alimchungua akila, akaona anakula kidogo, akajiuliza huyu anashibishwa na nani. Taesi akicheka, pepo anadhihaki; akilia, pepo anaungua; akinyamaza, pepo amejificha. Ukishaanza kumtazama mtu kwa jicho hilo, hana namna ya kusimama akaonekana mzima.

Siku moja alikwenda mpaka nyumbani kwake akiwa na mashemasi wawili, wakapekua. Walitafuta hirizi chini ya mikeka, wakatia mikono ndani ya mitungi, wakakung'uta hata nguo za mtoto. Hawakupata kitu. Taesi alisimama mlangoni na Irini kiunoni.

"Amekificha vizuri," Pisenti aliwaambia mashemasi walipokuwa wakitoka.

Siku zikapita, akamkemea asubuhi na jioni, na mwanamke akawa vilevile. Hapo Pisenti akaingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Huko nyuma pepo walikuwa wakimtii, na sasa mji mzima ulikuwa unatazama. Alijua kwamba Bwana wetu, alipokutana na yule mtu wa makaburini, alimwuliza pepo jina lake. Kwa hiyo akamwamuru Taesi afunge siku tatu bila chakula wala kitu chochote ila maji, na siku ya tatu, jua likiwa kali, akamsimamisha juu ya ngozi mbele ya mashemasi wale wawili.

"Taja jina lako," alimwamuru.

Midomo ya mwanamke ilikuwa imepasuka.

"Nakuamuru, taja jina lako. Ndiwe pepo Marduti? Sema. Ndiwe Marduti?"

"Ndiyo," Taesi alisema. "Marduti." Kisha akakaa chini.

Pisenti alikwenda moja kwa moja kwa Askofu Koluto, akamweleza kwamba pepo amejitaja kwa kinywa chake mwenyewe. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika sokoni. Na kabla ya jioni mama mkwe wake Taesi, mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Herai, alifika na wanawe wawili wa kiume, akamchukua Irini. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa amemzika mwanawe mwaka uliotangulia, na mjukuu huyo ndiye aliyebaki.

"Mtoto wa marehemu mwanangu halali nyumba moja na Marduti," alisema. "Akitoka, njoo umchukue. Asipotoka, Irini ni wangu."

Mambo yakawa hivyo. Asipobatizwa Pasaka hiyo, Taesi angepoteza mtoto wake, na neno la kumzuia asibatizwe lilikuwa la mtu mmoja tu, Pisenti.

Kesho yake Taesi alikwenda kumwona. Alimkuta uani mwa kanisa, akapiga magoti kama ilivyokuwa desturi.

"Baba," alisema, "jina lile ulinipa wewe."

"Jina lipi?"

"Marduti. Sikuwahi kulisikia mpaka uliponiuliza. Nilikuwa na njaa, baba. Nikaona nikisema ndiyo utaniacha nikae."

Pisenti alimwambia aende zake, akasema moyoni kwamba pepo huyu ana hila kuliko wote aliowahi kukutana nao. Lakini neno lile liliingia na halikutoka. Alikula nalo, akasali nalo.

Jumapili iliyofuata ikasomwa Injili ya yule baba aliyemleta mwanawe kwa Bwana, kijana ambaye pepo alikuwa akimtupa motoni na majini. Pisenti alikuwa ameisikia habari hiyo mara zisizo na idadi, na sikuzote alingojea mahali ambapo Bwana anamkemea pepo naye anatoka. Siku hiyo alisikia kitu kingine. Kabla ya kukemea, Bwana alimgeukia yule baba akamwuliza mambo haya yalimpata kijana tangu lini. Mwenye mamlaka yote, ambaye kwake hakuna lililofichika, alisimama akauliza habari za mgonjwa. Pisenti alikuwa amemkemea Taesi siku ishirini na sita, na hakuwa amemwuliza swali hata moja isipokuwa lile la jina.

Ibada ilipokwisha alimfuata nyumbani kwake. Hakuingia. Alikaa kizingitini.

"Binti yangu," alisema, "kutetemeka huku kulianza lini?"

Taesi alimtazama. Naye alikuwa na haki ya kumshuku, maana kwa siku zote hizo hakuna lililotoka kwa mtu huyu ila likamwumiza.

"Nikikuambia, utanifukuza kanisani."

"Huenda nikafukuzwa mimi. Niambie."

Ndipo alipomweleza. Alipokuwa na miaka kumi na miwili mama yake alifariki dunia, naye akakaa miezi mingi bila kusema neno. Mjomba wake akampeleka kwa mganga mmoja wa ng'ambo ya mto, mpagani, aliyekuwa akipunga pepo kwa majina. Yule mganga alimfungia katika chumba cha moshi siku tatu. Akataja majina ya miungu ya mtoni, majina ya nyota na ya malaika, na katikati yake alichomeka la Yesu kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba lina nguvu. Kila jina lilikuwa na pigo lake la ufito wa mtende. Hayo mengine Taesi hakuwahi kuyasikia tena maishani. La Yesu alikuja kulisikia kanisani, juu ya kichwa chake, kwa sauti ileile ya kuamuru.

"Mashemasi waliponiandikisha waliniuliza kama nimewahi kupita kwa mganga," alisema. "Nikakana. Nilijua anayesema ndiyo anangoja miaka mitatu kabla ya kubatizwa. Nilisema uongo, baba. Lakini Yesu simwogopi. Mwili ndio unaoogopa. Mimi nikiwa peke yangu namwita, na hakuna kitu kinachonipata."

Pisenti alisikia aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa sahihi kwamba mwanamke anaficha jambo, na katika yote aliyomshuku hilo ndilo pekee lililokuwa kweli. Alirudi kwake, na inasimuliwa kwamba siku mbili hakuweza kula wala kuamua. Akisema kweli, kila mtu aliyewahi kuponea mikononi mwake angeanza kujiuliza maswali. Labda hata Jina lenyewe lingedharauliwa. Alijipa sababu hiyo, kwamba anailinda heshima ya Kristo, na hilo lilikuwa jina zuri sana la kuuita woga wake. Siku ya tatu akaona kwamba yeye na yule mganga wa ng'ambo ya mto walikuwa wamemtumia Bwana kwa namna moja. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Siku ya kuwapima wakatekumeni ilipofika, kanisa lilijaa. Askofu Koluto alikaa kitini, Herai alisimama mbele akiwa amembeba Irini, na Taesi alikuwa mlangoni pamoja na wagonjwa. Jina lake liliposomwa, askofu akamgeukia Pisenti.

"Pepo ametoka?"

"Baba Askofu, pepo hakunena," Pisenti alijibu. "Mimi ndiye niliyenena. Mwanamke huyu nilimnyima chakula, nikamtilia jina mdomoni, kisha nikaja kwako nikasema nimelisikia. Nilijua, na nikanyamaza kwa ajili ya sifa yangu."

Kisha Taesi akasogea kutoka mlangoni, mbele ya watu wote, akaungama lake, kwamba aliulizwa habari za mganga akakana. Akaeleza kwa nini.

Sasa ungedhani mambo yaliishia hapo. Shaka haiondoki kwa urahisi namna hiyo, hasa ukiwa umeipanda mwenyewe. Herai alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

"Juzi ulituapia kwamba anaye," alimwambia Pisenti. "Leo unatuapia kwamba hana. Nitajuaje kama Marduti hajahamia kwako, na sasa ndiye anayesema?"

Watu walinong'ona. Mmoja wa wale mashemasi wawili akajitenga na Pisenti kidogo.

"Hutajua, mama," Pisenti alisema. "Sina neno la kukupa uliamini. Nimelitumia vibaya."

Akavua viatu. Akaenda kusimama juu ya ngozi ya mbuzi mahali pa wakatekumeni, akainamisha kichwa, akamwomba askofu amfanyie kama yeye alivyowafanyia wengine miaka yote hiyo. Askofu Koluto akashuka kitini. Alimpulizia mara tatu, akamwekea mkono, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Kwa jina la Yesu, kila uongo uliomo ndani yako utoke."

Pisenti akatetemeka. Magoti yaligongana, akashindwa kusimama, akaanguka juu ya ngozi ile akilia kwa sauti. Askofu hakukemea zaidi. Alipiga magoti kando yake akamshika bega mpaka akatulia.

Herai aliyatazama hayo yote. Alimjua Pisenti tangu ujana wake, na alijua saumu zake.

"Kumbe hata yeye hutetemeka," alisema polepole, kama anayejisemea.

Askofu akatoa hukumu. Sheria ya miaka mitatu ilikuwa ya yule aliyekwenda kwa mganga kwa hiari yake, na Taesi alipelekwa akiwa mtoto. Uongo wake ameuungama, basi atabatizwa Pasaka hiyo. Pisenti atakaa mlangoni pamoja na wenye kutubu mwaka mzima, na hatamwekea mtu mkono. Pisenti akashukuru.

Herai akamshusha Irini sakafuni. Lakini mtoto alikuwa amekaa kwa bibi siku nyingi, na amesikia mengi kuhusu mama yake. Akajificha nyuma ya vazi la bibi, akachungulia. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono ili amsukume mbele, na Taesi akamzuia.

"Mwacheni," alisema.

Akakaa chini palepale sakafuni. Akaita jina la mwanawe mara moja, kwa upole, kisha akangoja. Kanisa zima likangoja naye, na askofu pia. Irini alitazama, akatazama tena, ndipo akatoka nyuma ya bibi yake akaenda akapanda mapajani mwa mama yake.

Ndugu mwumini, pepo wachafu wapo, na mpaka leo wanalitii jina la Bwana wetu Yesu. Anayetilia shaka hilo aisome Injili. Lakini katika Injili hiyohiyo hutaona mahali ambapo Bwana alimbunia mtu pepo ili aonekane ameshinda. Sisi ndio wenye haja hiyo.