Mkalimani wa Seka

Kijana mmoja alikuwa mchezaji namba moja katika timu isiyokuwa na mtu mwingine.

Jina lake Asajile, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha misitu kule nyanda za juu kusini, mahali ambapo ukungu hukaa juu ya miti mpaka saa nne na watu huvaa sweta karibu mwaka mzima. Chuo kilikuwa na viwanja viwili vya tenisi vya udongo mwekundu. Timu ya wasichana iliendelea kucheza mwaka hadi mwaka na kurudi na vikombe. Ya wavulana ilikufa. Mwalimu wake alistaafu, wachezaji wakamaliza masomo au wakahamia mpira wa miguu, na hakuna aliyekuja nyuma yao. Akabaki Asajile peke yake. Kwa mwaka mzima na zaidi alipiga mpira kwenye ukuta wa ghala la mbegu, maana ukuta ndio pekee uliokubali kumrudishia. Jina lake lilikaa juu kabisa kwenye ubao wa michezo, na chini yake hapakuwa na jina la pili. Alilipenda hivyo hivyo. Kila alipopita pale alilitupia jicho.

Kisha akaja Mwalimu Mdendemi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye goti bovu na sauti ya chini, na mkuu wa chuo alikuwa amempa kazi moja tu: kuifufua timu ya wavulana. Siku ya kwanza alimkuta Asajile kwenye ukuta wa ghala. Alisimama akamtazama muda mrefu, kisha akamwomba raketi ya pili, wakacheza wawili mpaka jua likawa linazama. Asajile alirudi bwenini akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alijiambia kwamba hatimaye amepata mtu wa kuiona kazi yake.

Mwalimu alizunguka madarasani akitafuta vijana, akapata wawili ambao hawakudumu. Ndipo akaamua kutafuta mbali. Aliandika barua kwa watu aliowafahamu zamani, Zambia, Malawi, na mpaka Kodivaa, akieleza kwamba chuo kina nafasi za masomo kwa vijana wanaojua kushika raketi. Barua za Kodivaa zilihitaji Kifaransa. Asajile alikuwa amekisoma sekondari na kukifaulu vizuri, naye Mwalimu hakujua hata neno moja. Basi Asajile akaziandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko safi, akisifu hewa ya milimani na ukarimu wa watu. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Alikuwa akiwaza kwamba sasa atakuwa na watu chini yake.

Muhula mpya ulipoanza wakaja vijana wanne: wawili kutoka Zambia, mmoja kutoka Malawi, na wa mwisho Seka, kijana mrefu, mpole, kutoka mji mdogo wa Kodivaa wenye mashamba ya kakao. Wale watatu walielewana kwa lugha zao na kwa Kiingereza, wakacheka pamoja tangu siku ya kwanza. Seka alikuwa na Kifaransa chake tu. Alikuwa amewekwa kwenye darasa la kujifunza lugha kabla ya kuanza masomo, na kila neno alilotaka kumwambia mtu lilipitia kwa Asajile. Mwalimu naye akamwambia Asajile awe mdomo wake mbele ya Seka. Hakumpa masharti wala maelezo. Alimwamini tu, kama mtu anavyouamini mkono wake kwamba ukitumwa kuchukua kikombe utakuja na kikombe.

Juma la pili Mwalimu aliwapambanisha wote ili apange namba. Asajile alicheza na Seka mbele ya chuo kizima. Alipata mchezo mmoja tu katika seti mbili, na hata huo alihisi kwamba amehurumiwa. Seka alipomaliza alikuja kwenye wavu, akainamisha kichwa kwa adabu, akamshika mkono kwa mikono miwili. Adabu ile ilimuuma Asajile kuliko kushindwa kwenyewe. Jioni ile karatasi mpya ilibandikwa ubaoni. Seka alikuwa wa kwanza. Asajile alikuwa wa tano, mwisho kabisa.

Tangu siku ile alianza kuona mambo ambayo mtu mwingine hakuyaona. Aliona kwamba Mwalimu akifika uwanjani jicho lake humtafuta Seka kwanza. Aliona Mwalimu akimvika Seka sweta lake mwenyewe la kijani asubuhi moja ya baridi, akamfunga na vifungo kama mtoto. Mwalimu alikuwa amewahi kumwona Asajile akitetemeka? Hakukumbuka. Alianza kupima hatua za Mwalimu, akajua ni mara ngapi amesimama upande wa Seka na ni mara ngapi upande wake. Chakula kikamchachia mdomoni. Wenzake wakicheka, alidhani wanamcheka yeye.

Mara ya kwanza hakukusudia. Ilikuwa siku ya mvua ndogo, Seka amerudisha mpira ambao kila mtu aliuona umekufa. Mwalimu akasema, tena kwa furaha, kwamba amwambie Seka kuwa tangu aanze kufundisha hajamwona mtu anayeusoma mpira mapema kama yeye. Asajile akafungua mdomo, na maneno yakamkwama kooni kama mfupa. Akamwambia Seka kwa Kifaransa, "Mwalimu anasema uendelee."

Seka akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Mbingu hazikuanguka. Mwalimu alitabasamu akidhani sifa imefika. Asajile akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Siku zilizofuata hakuhitaji kujilazimisha. Mwalimu akikosoa, Asajile alipeleka kosa zima, hakupunguza hata chembe. Akisifu, Asajile alipeleka "sawa" au "haya" au "tuendelee." Hakusema uongo, alijiambia, yeye anafupisha tu. Lakini kidogo kidogo Seka akawa anamjua Mwalimu ambaye hajawahi kuzaliwa, mtu mkali asiyeridhika, anayemtazama kwa tabasamu lisiloendana na maneno yake. Kijana akaanza kunyong'onyea. Mipira aliyokuwa akiipiga bila kufikiri akawa anaifikiria, na aliyoifikiria ikaenda kwenye wavu. Mwalimu akaona, akauliza ana nini. Hapo Asajile akavuka mpaka ambao alikuwa ameusogelea siku nyingi. Alijibu bila kumuuliza Seka chochote. Alisema Seka analalamika kwamba viwanja ni vibaya na chakula hakimfai.

Mwalimu hakukasirika. Alichukua fagio akafagia viwanja yeye mwenyewe, na goti lake lile, na siku tatu mfululizo alimletea Seka ndizi za kuchoma kutoka nyumbani kwake. Asajile alizitazama ndizi zile zikiliwa, akatamani angekuwa amesema kitu kibaya zaidi.

Ikabaki wiki mbili kabla ya mashindano ya vyuo. Asubuhi moja Asajile alifika uwanjani mapema, akamkuta Seka ameketi kwenye benchi amevaa nguo za safari, begi miguuni. Basi la kwenda mjini lilikuwa likipita mbele ya lango saa tatu. Seka alimwambia kwamba anaondoka. Akamwomba amsaidie kuaga, kwa kuwa hakutaka kutoroka kama mwizi. Kisha akamuuliza, macho yakiwa chini, kama yeye Asajile, aliye rafiki yake pekee mahali hapa, anajua amemkosea nini Mwalimu.

Asajile akajibu kwamba hajui. Ndani yake aliona tayari karatasi ikibadilishwa ubaoni, majina yakipanda ngazi moja, na la kwake likipanda nayo. Akaona furaha inamjia. Lakini neno lile, rafiki, lilikuwa limemwingia pamoja na furaha hiyo, na viwili hivyo havikukaa vizuri pamoja.

Mwalimu akaja akichechemea, akaona begi. Seka akasimama. Alisema maneno mengi, taratibu, mkono kifuani. Alisema anamshukuru Mwalimu kwa sweta na kwa ndizi. Alisema anaomba radhi kwa kuwa hakuwa mchezaji ambaye Mwalimu alimtarajia, na kwamba anarudi kwao ili nafasi yake apewe anayefaa.

Mwalimu akamgeukia Asajile. Asajile akasema, "Anasema ameamua kurudi kwao."

"Basi?"

"Basi, Mwalimu."

 Mwalimu alikuwa ameyasikia maneno mengi yakitoka, na sasa ameletewa manne tu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kumbe kwa majuma kadhaa alikuwa ameazima maktaba kitabu cha Kifaransa cha kidato cha kwanza, akijikokota nacho peke yake, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe hawezi kumwambia neno kwa kinywa chake. Akavaa miwani. Akasoma kama mtoto wa shule anayefuata herufi kwa kidole, matamshi yote yakiwa mabaya:

"Seka. Mimi nafurahi wewe upo hapa. Kila siku nafurahi. Mimi sijaona mchezaji kama wewe."

 Seka akageuza uso, hakumtazama Mwalimu, akamtazama Asajile.  Alimtazama tu, kama mtu anayerudi nyuma siku moja moja akiangalia kila mlango aliopitia.

Mwalimu alikunja karatasi yake, akavua miwani. "Kifaransa changu kimeishia hapo," alisema. "Asajile, mwanangu, mwambie yaliyobaki."

Hakusema yaliyobaki ni yapi. Aliamini Asajile anayajua, kwa sababu alikuwa akimpa maneno hayo kila siku.

Mlio wa basi ukasikika ukipanda mlima. Asajile angeweza kusema neno moja baridi na mambo yangeisha. Seka asingeweza tena kumwamini, lakini angeondoka. Hilo alilijua. Alijua pia kwamba Mwalimu, kwa Kifaransa chake cha kidato cha kwanza, asingegundua kamwe. 

Kisha akaanza kusema. Alianzia siku ile ya mvua ndogo. Akamwambia Seka kwamba siku ile alipomngojea kijana wa Malawi aliyeteguka mguu, Mwalimu alisema huyu ana moyo wa nahodha. Akamwambia kwamba alipopoteza seti tatu mfululizo Mwalimu alisema amwambie asiogope, maana hata mti ukihamishwa huangusha majani kwanza. Akamwambia kwamba Mwalimu alikuwa amesema mkono wake wa kushoto ni kitu cha kumshukuru Mungu. Akaenda hivyo, siku kwa siku, akitaja mahali Mwalimu aliposimama na hali ya hewa ilivyokuwa. Hakuna hata neno moja alilolisahau. Hilo ndilo alilolistaajabia mwenyewe: wivu ulikuwa umeyatunza yote, kila sifa ya mwenzake, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa jambo lolote jema. Mwishoni akageuka akamfikishia Mwalimu yale maneno ya shukrani na ya kuomba radhi, yote, pamoja na ndizi na sweta. Kuhusu viwanja na chakula alisema kwamba Seka hakuwahi kulalamika. Basi lilisimama langoni, likangoja, likaondoka.

Mwalimu alikuwa amesikia hotuba ndefu ikitoka kwa neno lake fupi. Akauliza ni maneno gani yale, mbona mengi kiasi hicho.

"Ni yako, Mwalimu," Asajile akasema. "Yote. Yalikuwa yamebaki kwangu."

Mwalimu Mdendemi alimtazama, akaelewa, na uso wake ukazeeka kidogo mbele yao. Hakumkemea. Aliinama kwa shida, akalichukua begi la Seka, akaanza kulirudisha bwenini mwenyewe.

Seka alibaki. Lakini kwa siku kumi hakumsemesha Asajile nje ya uwanja, na Asajile hakumlaumu. Alikwenda kwa Mwalimu akaomba avuliwe kazi ya ukalimani, apewe mtu anayestahili. Mwalimu alikataa. Alisema mwingine hana, na kwamba afadhali mtu anayejua sasa jinsi kazi hiyo ilivyo nzito.

Kwenye mashindano timu ilipata nafasi ya tatu kati ya vyuo saba. Seka alishinda michezo yake yote. Asajile, aliyecheza namba tano, alishinda mmoja akapoteza mitatu. Na msidhani wivu ulimtoka. Ulikuwa umekaa pale pale. Kila Mwalimu alipomsifu Seka, Asajile alisikia kooni mfupa ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa alimeza mate, akafungua mdomo, akalipeleka neno zima kwa mwenyewe, na lilimchoma likipita.

Nawe unayesikia haya, ni maneno mangapi mema uliyokabidhiwa umpelekee mwenzako, ambayo mpaka leo bado umeyakalia?