Gari Lililosukumwa hadi kwa Fundi

Palikuwa na mwalimu mstaafu mmoja aliyekuwa na gari la kale, lile lililompeleka marehemu mkewe kanisani siku ya harusi yao. Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi, na aliomba kitu kimoja tu: "Baba, nipeleke kwa gari la mama." Mzee akaitikia upesi, kisha akakosa raha. Gari lenyewe kila lilipoegeshwa liliacha doa la mafuta, na likiwashwa linakohoa, linatetemeka, linazimika njia panda.

Alhamisi ikabidi aende kwa fundi. Lakini huyu mzee alilelewa kwamba hata kwa fundi cherehani hupeleki nguo chafu. Akaamka na mafuta ya taa na matambara, akaisugua injini mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Halafu akawaza: nikiliwasha, litajichafua njiani. Akawaita mashemeji zake wanne waliokuja harusini, wakalisukuma kilomita mbili na mlima mmoja, yeye akiwa kwenye usukani, akipungia watu mkono kama askofu anayezuru parokia.

Fundi alikuwa mama wa makamo, ovaroli imekolea grisi. Akafunua boneti, akaiinamia injini.

"Baba, umeniletea gari au umeniletea posa?"

"Gari, mwanangu. Linavuja."

"Linavujia wapi?"

"Sijui. Nimeshapafuta."

"Basi liwashe nisikie."

"Hapana! Litachafuka!"

Mashemeji wakaketi chini, wote wanne kwa pamoja.

Fundi hakumcheka. Alichukua kopo la poda ya watoto, akainyunyizia injini yote hadi ikawa nyeupe kama kichanga aliyetoka kuogeshwa. "Washa, baba. Lisipochafuka mbele yangu leo, litachafuka mbele ya bibi harusi."

Mzee akafumba macho, akaliwasha. Likakohoa, likatetemeka, na juu ya ile poda mstari mmoja mweusi ukateremka kutoka kwenye mfuniko wa injini, ukaingia moja kwa moja kwenye tundu la plagi inayowasha moto wa injini. Kuvuja na kukohoa kumbe ni ugonjwa mmoja.

"Ni raba ya mfuniko tu, imechoka," fundi akasema. "Nusu saa."

"Nusu saa! Na mimi nimepangusa mwaka mzima!"

Jumamosi bibi harusi alifika kwa gari la mama yake, na hakuna shemeji aliyesukuma.

Mnacheka. Chekeni, nami nimecheka. Lakini hebu niambieni, asubuhi hii ni wangapi tulifokeana nyumbani, tukafika mlangoni mwa kanisa hili wapole? Viatu vinang'aa. Joho langu mimi limepigwa pasi mara mbili. Tumesukumana hadi mbele za Mungu, injini tumeizima. Tunapiga magoti: "Bwana, kuna mahali navuja." Naye akituuliza ni wapi, tunamjibu kwamba tumeshapafuta.

Ndugu zangu, poda anayo. Kabla hatujasema amina, tuwashe.