Ufunguzi wa Sekela Uitwe Nani

Nina kisa, nanyi mna masikio. Acheni nikiweke hapa katikati yetu, kisha mnisaidie kukiamua, maana mwenyewe aliyekipitia ameshindwa.

Walikuwapo watu watatu waliocheza drafti kwenye simu, katika ligi iliyokusanya wachezaji wa nchi nzima. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa kete na kwa maneno, kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa na chumba cha sauti ambamo watu walipiga soga huku wakicheza.

Wa kwanza alijiita Mzee Kobe. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu: mchezo wa mwaka juzi angekueleza kete kwa kete, pamoja na kila neno lililosemwa. Ila mwenyewe hakuwahi kufungua maiki, aliandika tu. Wa pili, Menas Komba, fundi redio wa Songea, alikuwa bingwa wa misimu mitatu mfululizo, mtu wa maneno machache, na akishasema jambo hageuki. Wa tatu, Kassimu Mtopa, muuza vipuri vya pikipiki wa Lindi, alikuwa na ulimi. Aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na akianza kusema, chumba kizima kilimsikiliza.

Ndipo akaingia Sekela, mpimaji wa majani ya chai kule Rungwe. Siku ya kwanza alifungua maiki akasema, "Habari zenu. Naitwa Sekela, naomba mchezo."

"Dada, hapa si jikoni," mmoja akamjibu, na wengine wakacheka. Mwingine akamtaka atume picha kwanza.

Sekela akacheza, akashinda. Kila aliposhinda, maneno yalizidi kuwa machafu. Mumewe, Ambilikile, akamshauri azime sauti.

"Nikizima," Sekela akasema, "watakuwa wamenifukuza nikiwa bado nimekaa."

Jumanne moja alimfunga Kassimu kwa hatua kumi na nne, watu wote wakisikia. Jumamosi akacheza na Mzee Kobe, akashinda tena. Wiki iliyofuata ikasambaa sauti iliyorekodiwa, ikidaiwa kutoka kwenye mchezo huo wa Jumamosi. Mwanamume alisikika akimwelekeza: "Sogeza ya kushoto, mke wangu. Sasa kula mbili." Waandalizi wa ligi wakaamua kwamba mumewe ndiye anayemchezea, wakamtoa Sekela kwenye ligi.

Ambilikile alipoisikia sauti ile alibaki ameduwaa. "Mimi hata kete inavyokuwa kingi sijui," akasema. Sekela hakucheka. Aliifuta ligi kwenye simu yake, akaenda kupima chai.

Sasa sikilizeni walichofanya wale watatu.

Mzee Kobe ndiye aliyecheza na Sekela Jumamosi ile, na alikumbuka kila kilichosikika. Akawaandikia waandalizi kwamba hapakuwa na sauti ya mwanamume. Wakamjibu kwamba ushahidi hutolewa kwa sauti, mbele ya wote. Alikaa na jibu hilo siku mbili. Kisha akafungua maiki kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Naitwa Devota, ni fundi cherehani, niko Kasulu. Nilijificha kwa sababu ya haya haya mnayomfanyia mwenzangu." Akaueleza mchezo wote, hatua kwa hatua. Alipomaliza, matusi aliyoyakwepa miaka miwili yakamwangukia yote. Waandalizi wakasema wanawake wanabebana, shauri limefungwa.

Menas Komba alikuwa akisikiliza. Jioni ileile alipangiwa nusu fainali. Akafungua maiki akasema, "Mimi sichezi mpaka shauri hili lisikilizwe upya. Ubingwa wangu chukueni." Akatoka. Kanuni hazina huruma: asiyecheza ameshindwa. Misimu mitatu ya ubingwa ikakatikia hapo. Lakini ligi isiyo na bingwa wake haikuwa na watazamaji, kwa hiyo waandalizi wakakubali kuitisha kikao cha pili.

Kassimu naye angeweza kukaa kimya, hakuna aliyemshuku. Ila Mzee Kobe alikuwa rafiki yake. Mke wa Kassimu alipolazwa hospitali miezi mitatu, Mzee Kobe ndiye aliyemwandikia kila asubuhi, "Leo mama watoto kaamkaje?" Na sasa alijua kwamba rafiki huyo alikuwa mwanamke aliyejificha kwa kuwaogopa watu kama yeye. Kwenye kikao akaomba nafasi, akasema, "Sogeza ya kushoto, mke wangu. Sasa kula mbili." Ilikuwa sauti ileile, neno kwa neno. "Niliitengeneza mimi," akasema, "kwa sababu alinifunga na mkaniona." Wakamfungia misimu miwili, hakukata rufaa.

Sekela akarudishwa, akacheza, na msimu uliofuata akatwaa ubingwa. Ligi hiyo humpa bingwa heshima moja: ufunguzi aliochezea fainali, yaani hatua zake za kwanza, huandikwa kwenye orodha ya mchezo kwa jina atakalolichagua, na kila atakayejifunza atalisoma. Jina ni moja tu.

Sekela hakutaka liwe lake. Alitaka kushukuru. Akampigia Devota, naye akasema, "Mwandike Menas, mimi nilisema ukweli tu na haukutosha." Akampigia Menas. "Mimi nilitoka tu," akasema. "Aliyetutoa usingizini ni Devota."

Kassimu alisita kupokea simu. Alipopokea, Sekela akamwambia, "Uliniumiza, Kassimu. Na bila wewe nisingerudi. Yote mawili nayajua, na nakushukuru."

Kassimu akalia. "Usiniandike, dada yangu," akasema.

"Hilo niachie mimi," Sekela akamjibu.

Ninavyozungumza nanyi, nafasi ya jina bado iko tupu, na waandalizi wanamsubiri. Yuko aliyepoteza maficho yake, yuko aliyepoteza ubingwa, na yuko aliyevunja kisha akajianika ili kutengeneza. Mmoja wao angekosekana, Sekela asingerudi. Haya, simu ya Sekela iko mkononi mwako: unaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?