Ukurasa Uliong'aa

Mlango uliopakwa rangi haumhakikishii mgeni kwamba ndani kuna kitanda. Hekima hii Profesa aliikariri shuleni akapata alama zote; kuiishi ndiko kulikomshinda.

Jina hilo la Profesa alibandikwa na dada yake, mwenzake katika ofisi ndogo ya kutengeneza programu. Dada huyo alikuwa ametumia miaka na mikaka kuandika programu ya kuwasomea vipofu vitabu kwa sauti. Tangu kompyuta yake iungue, kazi yote, toleo kwa toleo, ilibaki katika seva moja kuukuu, kompyuta ya kuhifadhia kazi, iliyokoroma kama mzee mwenye pumu. Profesa akajitwika kuihamishia kwenye seva mpya, ipatikane kwa njia ya wavuti.

"Masharti ya seva umeyasoma?" dada aliuliza. "Kazi yangu imejaa sauti, ni nzito. Seva ya wavuti isiporuhusiwa kupokea mizigo mikubwa, huikataa."

"Dada nawe! Masharti ni ya wanaojifunza."

"Haya, Profesa. Sikio la kufa hilo."

Profesa akafungua hazina, yaani ghala la kazi, kwenye seva mpya, akaipa jina la programu, akaamuru mzigo upelekwe. Maandishi yakatiririka kwenye skrini. Yeye akawa anapiga mluzi. Kisha akafungua anwani ya hazina. Ukurasa ukajitokeza, unang'aa, jina la programu juu kabisa. Akatabasamu kama bwana harusi. Papo hapo akaifuta seva kuukuu, ikawa tupu kama kiganja, akaizima.

Dada akaketi mbele ya kompyuta mpya, akaivuta kazi yake. Ikafika mara moja. Upesi mno.

"Mdogo wangu, mbona folda tupu?"

"Jaribu tena."

"Nimejaribu. Tupu!"

Profesa akarudi kwenye skrini yake, akayarudia yale maandishi mstari baada ya mstari. Katikati, herufi nyekundu zikamkodolea macho: mzigo umekataliwa, umezidi kiwango kinachoruhusiwa.

"Basi washa ile ya zamani, tuanze upya," dada akasema.

Profesa akalitazama boksi la seva kuukuu, mikono ikabaki mapajani.

"Profesa, nasema iwashe!"

"Nimeifuta, dada."

Dada hakupiga yowe. Alinyoosha mkono, akaligusa lile boksi kuukuu la chuma. Lilikuwa bado na joto. Profesa akatamani ardhi ipasuke immeze.

Na mbele yao ule ukurasa uliendelea kung'aa, jina la programu juu kabisa, chini yake hamna kitu. Nyumba njema si mlango. Fungua, uingie ndani.