Kesho ya Mpanda Mpunga

"Mpanda mpunga, kesho yake iko mgongoni." Mmeisikia leo asubuhi mkacheka, na sasa mnataka kujua kesho ilifikaje mgongoni kama mtoto wa kubebwa. Basi kaeni. Ilianzia jarubani, kwenye kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, kwa bibi harusi.

Mwahija alitoka milimani, kwa watu wa mahindi, akaolewa bondeni. Mkwewe, Bi Siwatu, alimpa jaruba moja na miche ya kulitosha hilo tu. "Ikishika, utakuwa na mpunga wako na jiko lako. Isiposhika, utakula chunguni mwangu." Na ninyi wasichana mtakuja kujua: chungu cha mkwe kina masikio, tena kina mdomo.

Wanawake wa bondeni hupandikiza wakirudi kinyumenyume, wameinama, miche waliyokwisha kuipanda iko mbele ya macho yao. Mwahija alijaribu. Lakini kila mstari alipinda shingo kutazama nyuma: jioni iko wapi? Mwisho uko wapi? Shingo ikamuuma.

"Hakuna mtu anayeiendea siku yake kwa matako," akasema. Akageuka, akaukabili ukingo wa mbali. Sasa aliiona kazi yote iliyobaki, na moyo wake ukatulia.

Adhuhuri Bi Siwatu alikuja na bakuli la uji. Akasimama juu ya tuta, akatazama kwa muda.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumaliza, mama. Si pale tu, napaona."

"Hebu tazama ulikotoka."

Mwahija akageuka. Miche ilikuwa inaelea majini. Alikuwa ameikanyaga mwenyewe, hatua kwa hatua. Michache iliyosimama ilikwenda upande kama njia ya mlevi. Mkononi alibakiwa na kitita kimoja.

"Basi nimekwisha, mama."

"Hujaisha. Iokote, ingali mibichi. Anza upya, urudi kinyumenyume kama wenzio."

"Na nitajuaje kama niko karibu, nami sioni niendako?"

"Niendako, niendako! Huko umekwisha kufika lini hata upajue? Unachokijua ni hicho ulichopanda. Tazama mstari uliopita, unyooshe unaofuata. Huko mgongoni kutakuja kwenyewe." Kisha akaketi, akaunywa ule uji yeye mwenyewe.

Mwahija akaokota mche mmoja mmoja, akarudi mwanzo, akainama. Hakupinda shingo tena. Alitazama mstari, akapanda, akarudi hatua moja. Alikuwa angali akidhani ni mbali, kisigino chake kikagonga tuta la ukingo wa mbali.

Miche mingine ilikufa, lakini mingi ilishika. Msimu ule Mwahija aliwasha jiko lake, na wakwe wakaanza kubisha hodi.

Nanyi mkimwona mtu anaichungulia kesho huku akikanyaga alichokwisha kupanda, msimcheke sana. Mwambieni taratibu: mpanda mpunga, kesho yake iko mgongoni.