Malsuk na Maana ya Jina Lake

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na mtu, pakawa na jina. Mtu bila jina haitwi, na jina bila mtu haliitiki. Niitikieni basi, nianze.

Tunakuitikia, anza.

Hapo zamani, mbali kabisa upande wa mashariki, katika nchi ya Korea, paliondokea mtengeneza karatasi aliyeitwa Pyo Dongsik. Nyumba yake ilikuwa kando ya kijito, na maji ya kijito kile yalikuwa meupe na ya baridi. Alichuna magome ya mforosadi, akayachemsha kwa majivu, akayatwanga mpaka yakawa uji. Kisha akauteka uji kwa chekecheke la mianzi, ukakauka ukawa karatasi. Kazi ya mikono, kazi ya mgongo, kazi ya subira.

Sasa sikilizeni habari ya majina, maana ngano yetu imo humo. Watu wa nchi ile hutanguliza jina la ukoo. Linalofuata ni jina la mtu mwenyewe, nalo huwa na silabi mbili, na kila silabi ina maana yake. Mara nyingi ndugu wa tumbo moja hupewa silabi moja ya pamoja, ukisikia tu unajua hawa ni wa nyumba moja. Dongsik alikuwa na kaka yake, Dongchol. Mnasikia? Dong na Dong.

Dongsik alipata binti, akamwita Misuk. *Suk* ni wema, *mi* ni uzuri. Akapata wa pili, akamwita Yongsuk, na *yong* ni heshima. Akapata wa tatu, akamwita Hisuk, na *hi* ni furaha. Lakini furaha yenyewe ilikuwa imeanza kupungua, kwa sababu alitaka mtoto wa kiume. Alipozaliwa binti wa nne, Dongsik alikaa kizingitini akatazama kijito. Mkewe akamuuliza, "Huyu tumwite nani?"

"Mwite Malsuk," akasema.

*Mal* ni mwisho. Alimaanisha basi, imetosha. Mkewe alimgeukia mtoto akamnyonyesha.

Malsuk akakua na jina hilo. Akienda kufua, wenzake humwuliza, "Mwisho, umefika mwisho wa nguo?" Akienda sokoni, wauzaji humwambia, "Mwisho, njoo uchukue za mwisho." Akikaa kula, shangazi zake husema, "Mwisho na ale mwisho." Na baba yake hakumuuliza kamwe kama linamuuma, maana aliogopa naye asije akamuuliza kwa nini alimpa.

Miaka ikaenda. Dada zake watatu wakaolewa vijiji vya mbali. Mama akafariki. Dongsik, kwa kutia mikono katika maji ya baridi miaka yote, vidole vikamkakamaa, hata kijiko akawa anakishika kwa viganja viwili. Basi Malsuk akashika chekecheke. Mwaka wa kwanza karatasi zake zilikuwa na mabonge. Mwaka wa pili zikawa nyembamba mno. Mwaka wa tatu zikawa karatasi, na ofisi ya liwali ikawa inazinunua hizo tu.

Na penye mzinga wa asali, siafu hawako mbali.

Baba yake mkubwa, Dongchol, alikuwa na mtoto wa kiume asiye na kazi. Akaja mara ya kwanza na kikapu cha matunda. "Ndugu yangu, umechoka. Niachie karakana, mwanangu aiendeshe."

Dongsik akasema, "Malsuk anaiendesha."

Akaja mara ya pili na wazee wa ukoo. "Ndugu yangu, huna mtoto wa kiume. Niachie karakana."

Dongsik akasema, "Malsuk anaiendesha."

Akaja mara ya tatu akiwa na askari na wito wa liwali. Safari hii hakuomba.

Siku ya shauri, Malsuk alimfunga baba yake mkanda, maana mwenyewe hakuweza, wakaenda. Liwali alikuwa mtu mzima, mkavu wa maneno. Pembeni alikaa karani na brashi yake. Dongchol akatangulia kusema.

"Bwana Liwali, sina ugomvi. Ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyekata shauri hili zamani. Mtoto wake wa mwisho alimwita Mwisho. Mtu akiita hivyo, ametangaza kwamba nyumba yake imefika kikomo. Nyumba iliyokwisha, mali yake hurudi kwa kaka mkubwa. Muulizeni, kama nasema uongo."

Liwali akamgeukia Dongsik. "Mzee, ulipompa mtoto jina hili, *mal* ulikusudia mwisho?"

Enyi wenzangu, neno hilo *mal* kwa watu wale lina maana tatu. Ni mwisho, ni farasi, tena ni maneno. Kama sisi tunavyosema kaa: kaa wa ufukweni, kaa la moto, na kaa kitako. Dongsik angeweza kusema nilikusudia farasi, na nani angembishia? Hata Malsuk alimtazama akingoja aseme farasi.

Dongsik akaviangalia vidole vyake. "Nilikusudia mwisho," akasema. "Nilitaka mtoto wa kiume, nikakasirika. Siwezi kusema uongo mbele ya mtoto mwenyewe."

Malsuk alikuwa akilijua jambo hilo tangu akiwa na miaka mitano. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kulisikia kinywani mwa baba ni kitu kingine. Alitaka kutoka nje, awaachie karakana, awaachie na jina lao. Lakini akamwona baba mkubwa tayari anatabasamu.

Malsuk akainama. "Bwana Liwali, naomba kumuuliza baba mkubwa."

"Muulize."

"Baba mkubwa, baba yangu alitaka mwisho wa nini? Mwisho wa nyumba?"

"Mwisho wa mabinti," akasema Dongchol. "Kila mtu anajua."

"Je, baada yangu alizaliwa binti mwingine?"

"Hakuzaliwa."

"Basi mabinti walikoma?"

"Walikoma, ndiyo."

Malsuk akamgeukia liwali. "Bwana, silabi ile ilipewa kazi moja, kukomesha mabinti, na wamekoma. Kazi imekwisha siku nyingi. Haikupewa kazi ya kufunga nyumba, na baba mkubwa mwenyewe ameshuhudia. Mtumishi aliyemaliza kazi yake huachwa huru akatafute nyingine. Naomba *mal* yangu iachwe huru."

Karani akainamisha uso akacheka. Maneno yaliyomfunga Dongchol yalikuwa yake mwenyewe. Mjinga hushindwa na mwenzake, mjanja hushindwa na ulimi wake.

Liwali hakucheka. Akaushika waraka wa mashtaka, akaupapasa ukingo. "Karatasi hii nani ameitengeneza?"

"Mimi, bwana."

"Basi nyumba haijafika mwisho. Karakana ni ya Dongsik, na baada yake ni ya binti yake. Karani, andika." Karani akachovya brashi, akasita, maana katika maandishi yao kila maana ina alama yake. "Niandike *mal* ipi, bwana?" Liwali akamtazama Malsuk. "Jina ni lako."

Malsuk akafikiri. Farasi ana nguvu, lakini hupandwa. "Andika maneno," akasema. Ikaandikwa hivyo: maneno mema.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, binti mbele, baba nyuma. Walipofika penye mteremko, Dongsik akasema, "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Nimekuita vile miaka kumi na tisa. Sasa nikuite vipi?"

"Niite vilevile, baba. Sauti ni ileile. Ila ukiniita, kusudia kingine."

Dongsik akaita, "Malsuk." Binti akaendelea kutembea. Alikuwa anasikiliza.

Akaita tena, "Malsuk." Binti akapunguza mwendo.

Baba akasimama njiani, akaita mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemwita mtoto wake kwa mara ya kwanza. "Malsuk."

Binti akageuka. "Abee, baba."

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Nanyi mwendao kulala, mkaitane kwa wema.